Hewa ya Bure na Namna ya Kuilipia

Umeshanunua Impreza yako ya tabo, imeshuka bandarini Mombasa, na ushuru umelipwa kwa mkopo ambao mama watoto anaujua nusu. Sasa fungua boneti. Pembeni, nyuma ya taa ya mbele, utaona sanduku jeusi la plastiki lisilong'aa wala kuandikwa chochote cha kujivunia. Hatua ya kwanza ni kulichukia sanduku hilo.

Chuki hiyo itabidi uijenge kwa bidii, maana sanduku lenyewe halijamkosea mtu. Linavuta hewa ya baridi kutoka mbele ya gari, mbali na joto la injini. Linaipitisha kwenye chujio la karatasi iliyokunjwakunjwa, ambalo mafundi wetu huliita eya klina. Linaituliza ili sensa iliyo shingoni mwa bomba iipime bila kubabaika, na lina vijumba vitupu vya kumeza mvumo. Wahandisi wa Subaru kule Ota, mkoa wa Gunma, walilipwa mshahara kulifikiria sanduku hili, na walilifikiria vizuri. Kosa lao ni moja: halisikiki. Mtu ameagiza gari kutoka Japani, amesubiri meli, amebishana na wakala wa forodha, halafu anapita Ngong Road kimya kama mwalimu mkuu anayewahi ibada.

Kwa hiyo tukubaliane mapema, mimi na wewe, kwamba unachokwenda kununua ni sauti. Tukishakubaliana hatutalisema tena. Mbele ya watu tutazungumza hewa.

Na ili uizungumze hewa kwa heshima, kariri hesabu hii. Injini ya lita mbili humeza lita mbili za hewa katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hizo ni lita 6,000 kwa dakika, yaani lita 100 kila sekunde, na hapo tabo bado haijasukuma kitu. Kila kilo ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kuongeza petroli ni rahisi. Kupata hewa ndiyo kazi. Ukifika hapo nyamaza kidogo, mtazame msikilizaji wako machoni, kisha useme kwa huzuni: "Na sisi Nairobi tuko juu sana."

Ni kweli tuko juu. Karibu mita 1,800, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Hapa ndipo muuzaji anapoanza kukupenda. Atakuambia koni yake, yaani chujio lenye umbo la koni linalokaa mahali pa sanduku, itairudisha hewa iliyopotea. Usimuulize itairudisha kutoka wapi, kwa sababu bomba lake linalong'aa linavuta hewa ileile ya Nairobi iliyokuwa ikivutwa na sanduku jeusi. Gari lisilo na tabo lina njia moja ya hakika ya kupata hewa zaidi bila kubadilishiwa kitu: literemke Mombasa. Hata ukitoa hasara ya joto la pwani, likifika Changamwe litakuwa linavuta hewa nzito kuliko ya Nairobi kwa karibu moja ya tano, na sijaona chujio lolote dukani linalothubutu kuahidi hivyo. Gari lako la tabo hata safari hiyo haliihitaji sana, maana tabo hujiongezea mbio ili kufidia upungufu. Haya yote yanyamazie.

Sasa twende dukani. Utakuta aina tatu za vifaa vya kuvutia hewa.

Ya kwanza ni koni fupi iliyo wazi, inayokaa ndani ya boneti mahali pa sanduku. Inafungwa kwa bisibisi na klampu mbili, na ndiyo yenye kelele kuliko zote, kwa hiyo ndiyo utakayonunua. Ina kasoro ndogo: inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini yenyewe. Ukikwama Thika Road saa kumi na mbili jioni, hewa ndani ya boneti inaweza kufika nyuzi 60, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 25 kwa zaidi ya asilimia 10. Kipoza hewa cha tabo kitajitahidi kusahihisha mambo, ingawa nacho kinapikwa na joto hilohilo. Umelipa ili gari livute hewa mbaya zaidi kwa sauti nzuri zaidi. Ukiona vibaya, nunua na ngao ya bati ya kukinga joto. Ngao hiyo ikizungushwa pande zote na kufunikwa juu inageuka kuwa sanduku. Ipake rangi nyekundu upesi, la sivyo watu watadhani ni ya kiwandani.

Nikiwa hapo, nidokeze juu ya lile tundu kubwa katikati ya boneti. Wengi wanaamini kwamba ndilo pua ya injini. Silo. Kwenye WRX, Impreza ya tabo, tundu hilo linapuliza kipoza hewa cha tabo kilicholala juu ya injini, basi. Koni yako haipati hata upepo wa salamu. Lakini mgeni akiuliza, sema ni la kuvutia hewa. Akishaamini hilo ataamini na mengine.

Aina ya pili ni bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa, karibu na barabara, kutafuta hewa ya baridi. Kwa upande wa baridi, linaipata kweli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chujio hili liko mvunguni hasa: kila ukitaka kulisafisha utalala chini ya gari, au umlipe kijana alale badala yako. Shida yenyewe huja Aprili. Mvua ikinyesha na barabara zetu zikageuka mito, kama tunavyojua zinavyogeuka, chujio linazama kabla ya miguu yako kulowa. Injini inavuta maji ikidhani ni hewa. Hewa hushindiliwa, maji hayashindiliki. Pistoni inapanda, inakuta ukuta, na kinachopinda ni mkono wake. Wanaoishi bondeni wajue kwamba bomba hili huuzwa pamoja na injini ya pili, ila zinalipiwa siku tofauti.

Ya tatu ni sanduku jipya lililofunikwa, mara nyingi la nyuzi za kaboni, linalovuta hewa ya baridi kutoka mbele na kuituliza kabla ya sensa. Linafanya kazi vizuri sana. Linafanana kwa kila hali na lile unalolichukia, isipokuwa bei. Tusipoteze muda hapo.

Muuzaji atakutajia nguvu za farasi. Farasi huja kwa mafungu ya tano: watano, kumi, kumi na tano. Ukimwomba ushahidi atakuonyesha karatasi ya dainomita, mashine ya kupimia nguvu, na karatasi itakuwa ya kweli kabisa, iliyopimwa boneti likiwa wazi na feni kubwa ikipulizia koni usoni. Gari lako litapata farasi haohao siku utakapokubali kuendesha boneti likiwa wazi na feni ikikutangulia. Wajapani nao wana historia yao na farasi: kwa miaka mingi, hadi 2004, watengenezaji wao walikuwa na makubaliano ya kistaarabu kwamba gari lolote la kuuzwa nyumbani lisiandikwe zaidi ya nguvu 280, hata kama injini ilikuwa na zaidi. Wao waliandika pungufu ya walichokuwa nacho. Sisi tumeirekebisha hali hiyo.

Kipimo chetu, kwa vyovyote, ni makalio. Koni ikishafungwa, utakanyaga mafuta na kusikia mvumo mzito ambao haukuwepo, na makalio yatashuhudia kwamba gari limekuwa jepesi. Ukiachia mafuta ghafla, vali ya tabo itarudisha hewa iliyozidi kwenye bomba la kuingilia, na koni iliyo wazi itaitangaza mtaa mzima: pshhh. Chafya hiyo ilikuwepo tangu siku gari lilipotoka kiwandani. Sanduku jeusi lilikuwa linaimeza kwa adabu. Sasa wachi wa geti ataisikia kutoka mbali na atakuwa amekufungulia kabla hujafika. Hiyo ni faida halisi, inapimika kwa sekunde, na ni ajabu kwamba hakuna kampuni inayoitangaza.

Jihadhari tu na mtu mmoja. Kila kundi la wapenda magari lina mwanachama anayesoma. Huyo atakuharibia Jumapili kwa namba moja: 34.

Kuanzia 1995, sheria za FIA, shirikisho la michezo ya magari duniani, ziliyalazimisha magari ya tabo ya ubingwa wa dunia wa rali kuvuta hewa yote kupitia tundu la milimita 34, lililowekwa mbele ya tabo makusudi ili kuyapunguzia nguvu. Impreza ambayo dereva Colin McRae alishindia rali ya Safari hapa Kenya mwaka 1997 ilipumua kwa tundu hilo, kutoka mwanzo hadi mwisho, ikiwa na nguvu kama 300. Bomba la koni yako lina upana wa milimita 70 na ushei, na lile la kiwandani ulilolitupa halikuwa mbali sana na hapo. Kwa maneno mengine, gari lililoshinda Safari lilikuwa na koo jembamba kuliko la kwako la kupelekea watoto shule. Msomi wetu atauliza kwa upole ni nguvu ngapi unazokusudia kutoa kiasi kwamba koo la kiwandani linakubana. Mjibu kwamba simu yako inaita.

Wapo waliokuwa na njaa ya hewa ya kweli, na habari yao inafaa kujulikana. Mwaka huohuo wa 1995, katika mashindano ya Catalunya nchini Hispania, wakaguzi waliigundua siri ya Celica GT-Four za timu ya Toyota. Kizuizi chao cha hewa, chenye tundu lile la milimita 34, kilikuwa cha halali ukikishika mkononi. Lakini kikifungwa kwenye gari kwa vyombo maalumu, kilisogea milimita chache na kufungua upenyo wa pembeni ambao hewa iliupitia bila kuhesabiwa. Kikifunguliwa ili kikaguliwe, springi zilikirudisha mahali pake, kikakaa kama malaika. Max Mosley, rais wa FIA wakati huo, alitangaza adhabu ya miezi 12 huku akishindwa kuficha jinsi ujanja ule ulivyomstaajabisha. Wale walikuwa wahandisi. Walipata hewa ya ziada, wakaificha kabisa, wala haikutoa mlio wowote wa kuwasaliti. Wewe hujapata hewa ya ziada na umeipaka rangi nyekundu.

Baada ya ununuzi ni matunzo, na hapa natamani uketi, kwa sababu hapa ndipo penye vumbi.

Timu za rali za dunia zinapokuja Kenya, jambo moja zinaloliogopa ni kile kivumbi cha Naivasha, laini kama kimechekechwa, kinachojaa kwenye njia za Kedong hadi gari la mbele lisionekane. Ndiyo maana magari ya Safari, ya zamani hata ya sasa, utayaona na bomba la kupumulia linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa: hewa ya juu ina vumbi kidogo na haina maji. Mabingwa wanalipa ili hewa yao itoke juu. Sisi tunalipa ili yetu itoke chini. Na usisahau kwamba mwaka 1993 dereva wetu Patrick Njiru aliimaliza Safari kwa Subaru Vivio, kigari cha cc 660, injini isiyofika hata theluthi moja ya hiyo unayoidai ina njaa.

Vumbi letu lina chembe za silika, ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zikipita chujio hukwangua ringi za pistoni na kuta za silinda polepole, bila taa yoyote kuwaka, hadi siku gari linapoanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Karatasi ya kiwandani, pamoja na ubovu wake wote wa kunyamaza, hulizuia vumbi hilo vizuri sana. Koni yako ni ya pamba iliyolowekwa oili, au ni ya sponji. Sponji ya bei rahisi ina tabia ya kuzeeka, ikachanika na kumezwa vipande vipande na tabo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ukichagua pamba, umechagua pia ibada.

Ibada ya pamba iko hivi. Unanunua sabuni yake na oili yake. Unaipaka sabuni, unaisuuza kwa maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikotoka, unaikung'uta, unaiacha kivulini mpaka ikauke yenyewe, kisha unaipaka oili kidogo kwa kila mkunjo, unasubiri iingie, unaangalia palipobaki peupe na kuongeza. Ndivyo watengenezaji wenyewe walivyoagiza. Mtaani utaratibu umeboreshwa: koni inalowekwa usiku kucha kwenye sabuni ya unga pamoja na soksi, inaanikwa juani kwenye mabati, kisha inanyunyiziwa oili ya injini iliyobaki kwenye chupa. Lakini kama una fundi mwaminifu, hata hayo hutayaona. Yeye atakuwa ameshamaliza kabla hujafika.

"Boss, hiyo eya klina nimeipiga upepo, iko fiti."

"Asante, fundi. Uliipuliza kutoka ndani ama nje?"

"Pande zote."

Pande zote maana yake ni kwamba vumbi la nje limesukumwa ndani kwa kompresa ya kujazia magurudumu ya lori, na nyuzi za pamba zimeachana na kutengeneza vitundu. Mpe pesa yake ya chai. Nyumbani, siku nyingine, iinue koni dhidi ya mwanga. Ukiona vitundu vikubwa kama nyota, nunua nyingine. Kisha pitisha kidole ndani ya bomba, upande wa injini. Kidole kikirudi na vumbi, chujio lako ni pambo.

Oili nayo ina siasa zake. Ikiwa kidogo, vumbi linapita. Ikizidi, inavutwa na hewa na kwenda kutua kwenye sensa, ambayo ni uzi mwembamba unaopashwa moto ili kompyuta ijue hewa kiasi gani imepita kwa kuangalia uzi unavyopoozwa. Uzi ukivaa oili na vumbi, haupoozwi inavyostahili. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inatoa petroli kidogo. Tabo haijui habari hizo na inaendelea kusukuma. Mchanganyiko ukiwa mkavu wakati tabo inasukuma, mlipuko hutokea kabla ya wakati wake, pistoni zinagongwa kichwani, na baada ya muda utasikia sentensi ambayo kila mwenye Subaru anaijua: injini imenoki.

Koni yenyewe inaweza kukufikisha hapo hata bila oili. Sensa ilipimwa kiwandani ikiwa ndani ya shingo ya upana fulani, hewa ikiwa imetulia. Ukibadilisha shingo, namba zote zinakuwa hadithi. Wanaojua hufunga koni na siku hiyohiyo wakapeleka gari kupangiwa upya kompyuta, na gharama ya kupanga huipita ya koni mara kadhaa. Kwa kuwa bajeti yako iliishia kwenye rangi nyekundu, fanya kama wenzako: subiri taa ya injini iwake, kisha uibandikie kipande cha gundi nyeusi. Na sensa ikichafuka usikubali mswaki, kitambaa wala mate, hata fundi akikuapia kwamba hivyo ndivyo anavyosafisha za wateja wote. Kuna dawa yake ya kupuliza; ipulize, iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha gari. Hilo nimelisema bila kejeli, maana uzi ule ni mwembamba na bei yake ni nene.

Kagua klampu pia. Ikilegea, hewa inaingia katikati ya sensa na tabo bila kupimwa wala kuchujwa, na gari litakuwa linatetemeka kwenye taa nyekundu huku ukimwambia abiria ni kemu kubwa.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la biashara. Sanduku jeusi usilitupe, usiligawe, na usimwachie fundi akutunzie. Lifunge kwenye gunia na uliweke juu ya kabati. Mama watoto atauliza.

"Baba Njeri, hili dude ni la nini?"

"Ni la gari."

"Kama ni la gari mbona liko huku?"

Usijibu. Siku itafika utakayotaka kuuza, na mnunuzi wa Impreza wa mjini, ambaye naye ana ndoto zake za kelele, atakuwa na swali moja tu kabla hata ya kuuliza bei: iko stoku? Anataka gari lililotunzwa na mzee wa kanisa ili akaliharibu mwenyewe kwa mkono wake. Basi mkesha wa siku ya picha, teremsha sanduku, lifute vumbi, weka eya klina mpya ya karatasi, lirudishe mahali pake na ukaze klampu zote. Sensa isafishwe, kipande cha gundi kitolewe kwenye taa. Koni itafute mnunuzi wake peke yake, na umwambie inaongeza farasi kumi na tano. Katika tangazo la gari andika: "Haijawahi kuguswa, dereva mmoja, ya kazini na kanisani." Na stika zibanduliwe kabla ya picha, hasa ile ya kwenye kioo cha nyuma iliyoandikwa jina la kampuni ya koni.